Damu ya Dada Yako

Québec, 20 Aprili

Mdogo wangu Régis,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo Mélina na binti yenu Océane huko ziwani. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayonisumbua. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mélina, mimba ikiwa ya miezi mitano sasa, miguu bado inamvimba? Utashangaa nakuandikia barua kama marehemu bibi, na simu ipo. Simu ningeikata kabla sijasema.

Kazi ni ileile, kutafuta dawa ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu mwendo. Unapenda kunitania kwamba nalipwa kuwapaka panya mafuta, na hukosei sana. Wengine hutumia virusi vilivyopunguzwa makali kupeleka jeni iliyo sawa mwilini; sisi tunaifunga ndani ya vitone vya mafuta, ili dawa iweze kurudiwa bila mwili kuikataa. Mwaka jana panya wetu wagonjwa walianza kutembea bila kuyumba. Nililia, Régis, mbele za watu.

Kisha tukahitaji damu ya mtu asiye na ugonjwa, ya kulinganishia. Tuliyoagiza ilikwama forodhani, nami nikafanya kama tulivyozoea: nikakunja mkono wa shati nikatoa yangu. Sheria inakataza, lakini nani hajafanya? Ni ujinga hasa kwetu watu wa ziwani, tuliooana wenyewe kwa wenyewe tangu enzi, kujihesabu wazima. Majibu yalipotoka, Profesa Fernande, mkuu wetu, alicheka akaniuliza huyo mzima wangu mbona ni nusu mgonjwa. Nikamwambia damu imeharibika. Nikaipima tena peke yangu, mara tatu. Ninabeba jeni mbovu ya ugonjwa uleule ninaoutafutia dawa.

Mimi sina mtoto, na jeni moja mbovu haimuumizi mtu. Lakini mimi na wewe tumetoka tumbo moja, na Mélina ni wa hukohuko. Mkiwa nayo nyote wawili, mtoto anaweza kurithi zote mbili, na hapo ndipo anaugua. Niliyajua haya Oktoba. Nikanyamaza, kwa sababu ungeniuliza nimejuaje, na kamati ya maadili ingeusimamisha utafiti wa miaka saba. Nikawa najiambia nitasema wiki ijayo. Februari mkatangaza mimba, mama akacheza jikoni, nami nikapiga makofi pamoja nanyi. Nina aibu, Régis. Mngekuwa na nafasi ya kuchagua, nami niliwanyima.

Jumapili ukanisimulia, unacheka, kwamba Océane anatembea kama mjomba Gaétan akitoka baa, na anaanguka hata sakafu ikiwa kavu. Nami nilicheka. Nilipoweka simu nikayatoa majibu yale ya damu nikayasoma upya.

Leo asubuhi nimemweleza Fernande yote. Amenisimamisha kazi, hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na mdogo wako je, umemwambia?"

Ndiyo maana nakwambia. Mpelekeni mtoto kwa daktari wiki hii, nanyi mpimwe. Jina la ugonjwa nimeliandika kwenye karatasi ya pili. Huenda mtoto anajifunza kutembea tu; kwa kweli sijui. Dawa yangu usiiulizie, kwa sasa inasaidia panya tu.

Mbusu Océane kwa niaba yangu. Ukimaliza kumsomea Mélina barua hii, mpe salamu zangu, kama bado atazitaka.

Dada yako,
Ghislaine