Likizo Niliyoiuza

Mbagala Rangi Tatu,
14 Agosti.

Dada yangu mpendwa Yustina,

Shikamoo dada. Nakujulia hali wewe, shemeji na watoto, pamoja na huo mguu wako unaokusumbua kila baridi ikiingia. Mikorosho mmeshaipulizia? Sie huku wazima, ila uzima wa mtu asiye na kazi unaujua: unaamka, unavaa, halafu huna pa kwenda.

Najua unangoja habari ya madai yangu, maana fundi wa kujenga kaburi la Baba ulishamwahidi saruji. Usimwahidi tena. Tume ya usuluhishi ilitoa uamuzi Jumanne, nami sikupata kitu.

Nilidai likizo za miaka minne na ovataimu zote hadi siku kiwanda cha magodoro kilipotupunguza. Nilikwenda kifua mbele, hata majirani niliwatangazia. Kumbe shimo nilishajichimbia mwenyewe. Pale kiwandani tulikuwa na mchezo wetu wa kuuza likizo: unajaza fomu, unasaini, unachukua nauli ya kwendea nyumbani, kisha kesho yake unaingia zamu kama kawaida. Wakubwa walijua, wala hawakukataza, maana mashine hazikusimama. Tukajiona wajanja. Siku ya shauri wakili wao akazitoa fomu zote nne, na zote zina saini yangu. Kwa hiyo likizo nimeshakwenda, na ovataimu za siku hizo ni uongo. Na aliyesema uongo wa mwezi mmoja, nani atamwamini miezi mingine? Daftari la zamu ndilo lingenisaidia, nalo wanasema limepotea.

Audax, yule afisa utumishi, alikuwepo. Hakunisuta. Aliinamia karatasi zake tu, na tulipotoka akanipa pole. Pole hiyo iliniuma kuliko uamuzi wenyewe.

Mwamuzi alikuwa ameniuliza, taratibu tu, mwezi wa sita mwaka juzi nilikuwa wapi. Nikamjibu kwamba nilikuwa kazini. Swali hilo ndilo linalonifanya niandike barua hii na kumpa Jovina anayekuja huko akuletee, maana kwenye simu ningekata.

Mwezi wa sita mwaka juzi Baba alikuwa kitandani, akiniulizia. Niliwaambia nimenyimwa ruhusa. Ukaniamini, ukampigia Audax simu ukamtukana matusi ya nguoni, naye akayameza bila kunichongea, kwa kuwa mchezo wetu aliujua. Dada, hakuninyima. Alinipa likizo siku ile ile niliyoomba, siku ishirini na nane, na nauli mkononi. Nilisaini, nikaila ile nauli, nikabaki kwenye mashine nikiwinda ovataimu, nikijiambia Baba roho yake ngumu, atanisubiri hadi Desemba. Nilikuja kufika siku ya matanga, nanyi mkanipokea kwa kunionea huruma. Naona aibu hata kuandika. Na ovataimu hiyo sijalipwa hadi leo.

Fomu inasema nilikuwa huko nyumbani Masasi. Imegongwa mhuri, na tume imeikubali. Kwa karatasi, dada, mimi ndiye niliyemuuguza Baba hadi anakata roho.

Nisalimie shemeji na watoto. Nawe salamu zangu ukishindwa kuzipokea, sitakulaumu.

Ni mimi mdogo wako,
Leonardi