Bwana Shauri Aonja Unga wa Njano

Jumanne jioni

Na kweli watoto walikuwa wameanza kuanguka darasani. Mjukuu wangu Nakijwa alianguka juzi, tumboni hana kitu ila maji. Na unga wa Serikali umejaa stoo ya shule. Wa mahindi ya njano. Akina mama wamesema unafunga uzazi, basi hakuna mtoto anayeugusa, hata mwalimu achape namna gani.

Leo Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kapanda mwenyewe kutoka Same. Ugali ukapikwa, akasema watoto wasipokula, magunia yatapelekwa kwingine. Nikasimama.

"Bwana Mkubwa, huku kwetu mwenye pombe huionja kwanza, ndipo mgeni anywe. Wewe umetuletea ugali, hujauonja."

Mwalimu akanikanyaga mguu. "Mzee Mbwambo, keti."

Mzungu akavua kofia, akaketi kwenye benchi la watoto. Akamega tonge kubwa kama la mtu aliyetoka kulima. Uso ukamkunjamana, lakini alimeza.

"Mbaya," akasema. "Lakini chakula."

Akina mama wakacheka hata wakashikana mabega. Kisha mmoja akamsukuma mwanawe mbele na sahani, na wengine wakafuata. Nakijwa alikula mpaka akaramba vidole.

Hilo la uzazi sijui. Mzungu ana watoto wake tayari, kwa hiyo kuonja kwake hakukuthibitisha kitu, ila sikuwaambia. Tutaliona Nakijwa akishaolewa. Kwanza afike huko.