Nilijibu Simu za Shule kwa Sauti ya Mama

Bi Winfred mpendwa,

Naomba barua hii ikufikie mapema, maana mkutano ni Alhamisi ya tarehe 27 na sina mtu mwingine wa kumwambia, kanisani siwezi, nyumbani siwezi, na wenzangu wa darasani hawajui hata kwamba mdogo wangu yuko hospitalini.

Nina miaka kumi na minane, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na tunakaa Flemingdon Park mimi, Mama na mdogo wangu Inès mwenye miaka kumi na mitatu. Tulitoka Bujumbura mwaka 1993, Baba hakutoka, tukakaa Nairobi miaka miwili ndipo tukaja Toronto. Kiingereza nilikipata Nairobi. Mama anasoma Kiswahili na Kirundi vizuri kabisa lakini Kiingereza hajui, kwa hiyo tangu tulipofika mimi ndiye ninayesoma barua zote, za nyumba, za uhamiaji, za daktari, za shule, na simu ikilia mimi ndiye ninayeishika. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Agincourt anakotunza wazee, na anaporudi mgongo umemkaza kiasi kwamba hawezi kuinama.

Mwezi wa kumi ilikuja barua ya shule ya Inès kwamba anakosa masomo ya mchana. Mama alikuwa amejilaza sakafuni kwa ajili ya mgongo, akaniuliza wanasema nini, na mimi nilikuwa na mtihani kesho yake na nilijua nikisema ukweli tutakesha tunalia, basi nikasema, "Wanasema Inès ana sauti nzuri, wanataka aimbe kwenye kwaya ya shule." Sijui ilitoka wapi. Mama alifurahi mpaka akaketi. Jumapili akamweleza Mchungaji Gervais, na Mchungaji akalisema mbele ya kanisa zima, watu wakampigia Inès makofi, naye akaniangalia tu.

Baada ya hapo nilishindwa kurudi nyuma. Barua zilikuja tano. Halafu akaanza kupiga simu mwalimu mmoja anayefuatilia mahudhurio, anaitwa Bwana Bahadur, na mara ya kwanza aliponiuliza kama mimi ndiye mama yake Inès nilisema ndiyo, nikaifanya sauti yangu kuwa nzito na ya polepole, nikasema nitazungumza na mtoto. Alikuwa mtu mpole. Mara ya tatu aliniambia Kiingereza changu ni kizuri sana kwa mtu aliyefika juzi.

Desemba ndipo Inès aliponieleza. Kuna wasichana wanne darasani kwake, anapopita wanaziba pua, wanamwigiza anavyosema, na siku moja walimwagia maziwa ndani ya kofia ya koti lake, naye akaivaa bila kujua. Ndiyo maana mchana alikuwa anajificha chooni. Mimi nilimwambia awapuuze ajifunze Kiingereza haraka. Akasema baada ya likizo ya Krismasi harudi tena. Bi Winfred, hapo ndipo nilipokosea kabisa, kwa sababu niliona kwamba kinachohitajika ni moyo tu. Walimu wetu walikuwa wametupa karatasi za kuandika malengo ya Januari, nikamletea Inès moja, tukaketi mezani siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, na nikamwambia mwaka mpya ni mtu mpya. Aliandika kwa mkono wake: nitanyoosha mkono darasani mara moja kila siku, nitapata rafiki mmoja kabla ya mwisho wa Februari, hesabu nitapata sabini. Mama aliuliza imeandikwa nini, na siku hiyo nilimtafsiria kila neno kama lilivyo. Nilikuwa nimemnunulia Inès raba nyeupe kama zile wanazovaa wasichana wa huko, nikamwambia aache mabuti, avae hizo, aingie kichwa juu. Jumatatu nilimsindikiza mpaka kwenye geti. Nilimpungia mkono.

Hakuingia. Alingoja niondoke akageuka, na wiki nzima alikaa kwenye jengo la maduka. Ijumaa Bwana Bahadur akapiga simu, nami kwa sauti ya Mama nikamwambia Inès ana mafua makali, daktari amesema apumzike, atarudi akipona. Alinishukuru. Nilimbana Inès jioni hiyo, akaapa kwamba Jumatatu ataenda, nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Wiki ya pili hakwenda tena, na shule haikupiga simu maana ilijua ni mgonjwa. Ijumaa yake ilikuwa siku ya baridi kuliko zote. Mlinzi wa maduka alikuwa ameanza kumuuliza maswali, kwa hiyo akashuka bondeni, kwenye ile njia ya kando ya mto Don, akakaa chini ya daraja. Alipokanyaga kando ya mto barafu ilivunjika, mguu wa kushoto ukazama hadi juu ya kifundo. Na hakurudi nyumbani, Bi Winfred. Alijua kwamba mimi siku hiyo natoka mapema, nitamkuta, nitajua. Akasema atangoja mpaka saa tisa u nusu, saa ambayo wengine wanatoka shule. Alingoja kwa muda wa saa tano na raba iliyolowa. Mtu aliyekuwa akitembeza mbwa ndiye aliyemwona.

Madaktari walisubiri wiki nyingi kuona kama mguu utapona. Wiki iliyopita wamekata vidole vitatu.

Sasa Mama anasema shule ndiyo iliyomuua mtoto wake akiwa hai, mtoto kakosekana siku kumi na hakuna aliyenyanyua simu. Mchungaji Gervais anasema wataifikisha shule mbele ya wakubwa wake na huyo mwalimu wa mahudhurio lazima afukuzwe. Bwana Bahadur alikuja hospitali na kadi iliyotiwa saini na darasa zima. Mama hakumtazama. Mimi nikasema asante, nitampa Inès, na aliposikia sauti yangu alisimama akaniangalia kwa muda. Kisha akaaga.

Alhamisi ya tarehe 27 ni mkutano, Mama, Mchungaji, mkuu wa shule na Bwana Bahadur, na anayetegemewa kutafsiri ni mimi. Wao watafungua faili lao waseme tulizungumza na mama mara nne, na mimi nitageuka kumwambia Mama sijui nini. Inès anajua yote na hajanitaja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake siku hizi, kwamba mtu mmoja kuharibikiwa anatosha.

Nimejaza fomu za chuo kikuu, nafikiri kuziondoa, niache shule nikafanye kazi na Mama. Nafikiri pia kusema ninaumwa siku hiyo. Au nitafsiri kwa namna ambayo hakuna atakayeumia. Niambie nifanye nini, na unikaripie ukitaka.

Amandine

*

Amandine,

Nitakukaripia, lakini kwanza pole. Pole kwa Inès, pole kwa mama yako, na pole kwako pia, maana umebeba barua za nyumba nzima tangu ulipokuwa na miaka kumi na sita, na hakuna mtu mzima aliyeuliza kama zinakulemea. Nimekuwa muuguzi katika mji huu kwa miaka ishirini na mmoja. Nimeona mtoto wa darasa la nne akiambiwa amweleze mama yake kwamba uvimbe ni saratani. Mtoto yule alimtazama mama yake akasema, "Wanasema utapona." Sikumlaumu. Wewe uliposema habari za kwaya sikulaumu pia. Ulimwona mama yako sakafuni, ukampa kitu cha kumwinua.

Lakini barua ya pili ulikuwa na usiku mzima wa kufikiri, na ya tatu, na ya nne. Na ile simu ya mafua, mwanangu, hiyo ndiyo nzito, na sitaifanya nyepesi kwa sababu unalia. Kulikuwa na mtu mmoja katika mji huu aliyekuwa akimtafuta mdogo wako, na wewe ulimwambia aache. Hili utaishi nalo. Usimruhusu mtu akuambie si kitu, na usijiambie kwamba ndiyo yote, maana wale wasichana wanne wapo, na watu wazima waliokuwa zamuni wakati maziwa yanamwagwa wapo. Kila mmoja ana fungu lake. Wewe uchukue lako, usichukue la wengine.

Unauliza kama unaweza kutafsiri kwa namna ambayo hakuna atakayeumia. Jibu ni hapana. Yuko mtu atakayeumia, anaitwa Bwana Bahadur, na huenda naye ana watoto wanaoitegemea kazi yake. Alikuja hospitali, akaitambua sauti yako, akanyamaza. Amekupa nafasi ya kusema mwenyewe. Usiichezee.

Na Inès hayuko kimya kwa kuwa hajaumia. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyekatwa vidole hapaswi kuwa mlinzi wa dada yake.

Basi fanya hivi. Mwambie mama yako kabla ya mkutano, si asubuhi ya mkutano, bali Jumapili hii akiwa hana kazi, nyumbani, mkiwa wawili tu. Usimwite Mchungaji awe ngao yako. Anza na simu ya mafua, usiiache ya mwisho, kwa sababu ukianza na kwaya utapata ujasiri wa kuishia hapo. Usiseme "nilitaka kukusaidia" mpaka akuulize kwa nini. Akinyamaza, nyamaza nawe. Akikufukuza jikoni, toka, lakini usitoke nyumbani.

Jumatatu mpigie simu Bwana Bahadur kwa sauti yako mwenyewe, umtajie jina lako. Mwambie pia kwamba mama yako anahitaji mkalimani, na kwamba mkalimani huyo si wewe. Wakichelewa kumpata, nimekuandikia hapa chini namba ya Bi Sabine, mama wa Kikongo anayefanya kazi hiyo kwenye zahanati. Nimekwisha kuzungumza naye bila kukutaja. Wewe uende, ukae nje ya mlango, ili ukihitajika uitwe.

Mchungaji Gervais mama yako atamweleza mwenyewe, akipenda. Kanisa lilipiga makofi haraka sana Oktoba, lisiharakishe tena.

Inès asirudi kwenye darasa lile. Aombewe shule nyingine, na majina ya wale wanne yaandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa mkuu wa shule mkononi. Na tafadhali usimpelekee malengo yoyote. Moyo wa kurudi shule haumfai mtoto kitu kama anarudishwa mahali palepale penye watu walewale. Akitaka kupanga jambo, atalipanga mwenyewe siku yake ikifika.

Fomu za chuo kikuu ziache zilipo. Kuacha shule ili ujiadhibu ni kumpa mama yako msiba wa pili na kutaka akushukuru.

Kama atakusamehe sijui. Sitakuahidi kitu nisichokuwa nacho. Mwambie, hata hivyo.

Winfred Kangethe

*

Kwa wasomaji: jibu hili nililipeleka kwa posta, kwa kuwa gazeti lingechelewa mkutano. Nalichapisha leo kwa ruhusa ya binti na ya mama yake, baada ya kubadilisha majina yao na ya wengine wote. Wiki hii binti ameniandikia tena, nami nanukuu sehemu tu ya barua hiyo:

"Jumapili nilimwambia Mama jikoni, nikaanza na mafua kama ulivyosema. Hakupiga kelele. Aliuliza ni mara ngapi, nikasema simu nne, barua tano. Akakaa. Halafu akasema, 'Sema kama ulivyomwambia yule mwalimu. Kwa Kiingereza, kwa sauti hiyohiyo. Nataka nisikie nilisema nini.' Nikamwomba aniepushe na hilo, akasema, 'Sema.' Nikasema. Alinitazama mdomoni mpaka mwisho, kisha akasema, 'Sasa kwa Kiswahili.' Nikasema: Inès ana mafua makali, daktari amesema apumzike, atarudi akipona, asante kwa kutujali. Akainuka, akavaa koti, akaenda hospitali. Nilipochukua koti langu akasema nibaki.

"Alhamisi aliingia na Bi Sabine, mimi nikakaa kwenye kiti cha nje. Mchungaji hakuja. Walikaa ndani kwa muda wa karibu saa mbili. Walipotoka Mama alimshika Bwana Bahadur mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema neno moja la Kiingereza ambalo nadhani Bi Sabine alimfundisha mlangoni. Wale wasichana wanaitwa shuleni pamoja na wazazi wao. Inès atakwenda shule nyingine baada ya likizo ya Machi, kama mguu utakubali kiatu.

"Fomu sikuziondoa. Inès anatoka hospitali Jumatano, na Mama ameomba ruhusa kazini akae naye. Mimi ananiambia tu chakula kiko wapi na basi linapita saa ngapi. Zaidi ya hapo, bado."