Karafuu Ulizozichora, Mize

Shoga yangu Mize,

Sikuja msibani kwako. Nalitanguliza hili kwa sababu weye hukumpenda mtu wa kuzungusha maneno. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenu, hapa hapa Tibirinzi, ni mwendo wa kuita mtu akaitika, na mie sikuja. Sikuja siku ya kwanza, wala ya tatu, wala siku ya hitima. Nilianika nguo. Nguo zile zile nikazianua mbichi, nikazianika tena, nipate sababu ya kusimama uani na kutazama nani anaingia kwenu. Waliingia wachache. Wengine walifika pale njia inapokata, wakatazamana, wakageuka.

Naandika kwenye daftari la mwanangu, chungu kiko motoni. Sijui barua ya namna hii hupelekwa wapi. Lakini kuna mambo yametokea, na hapana mwengine wa kumwambia ila weye. Hilo nalo linaniuma, maana ndiye niliyekutupa.

Unakumbuka kaka yako Kombo alipotuletea ile kompyuta kuukuu kutoka Dar? Sote kumi na mbili wa kikundi tuliizunguka kama bi harusi. Aliyekuwa nayo mwanzo, mama mmoja wa kigeni, alikuwa mshonaji, akaiuza na programu yake ya kubuni mifarishi, yale mashuka mazito ya viraka, imo ndani. Sisi tulizoea kushona viraka kwa macho. Unakata, unapanga sakafuni, unasimama kutazama, unapangua, mgongo unakufa. Wenzetu waliigusa mara mbili tatu wakachoka. Weye ukaing'ang'ania. Kiingereza chako cha kidato cha nne na kamusi yangu isiyo na jalada, tukakaa tukibofya kila kitu tuone kitafanya nini.

Ndani ya programu ile mlikuwa na sehemu nzima ya sikukuu. Tulifurahi, tukaifungua. Theluji. Misonobari. Kengele, na wazee wenye ndevu nyeupe. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Sikukuu za watu hizi, Riziki. Na yetu iko wapi?"

Ndipo ulipoamua kuibuni mwenyewe. Kitambaa cha meza cha Idi, kile chembamba kirefu kinacholazwa katikati ya meza, ncha zikaning'inia huku na huku, juu yake pakawekwa sahani ya halua na birika la kahawa. Siku ya kwanza tuliandika mia na themanini tukidhani ni sentimita, kumbe programu inahesabu inchi. Ikatutolea kitambaa cha meza ya kulisha Wete nzima. Ukasema tukifute upesi kabla watu wa Wete hawajasikia.

Hukutaka mwezi na nyota, ulisema kila mtu anaweka mwezi na nyota. Ulitaka karafuu. Ukachukua pande la mraba, ukaligawa pembetatu nne kwa kichwa, vipande viwili vyembamba kwa kikonyo, na kichanga cha karafuu, tumba lisilofunguka, kikaonekana kwenye kioo kama kimechumwa sasa hivi. Ukavifunga vichanga kwa vishada, vishada vitano katikati, vingine vya kijani, vingine vimeanza kuiva na kuingia wekundu. Kitambaa cheupe cha chini ulikipiga picha dukani kwa simu ukakiingiza humo humo, ili tuone kitakavyokuwa kweli. Zikabaki ncha mbili. Hukuzijua bado. Ukanipa mchoro kwenye flashi, ukaniambia, "Nitunzie, hizi ncha nitaziota."

Halafu ukaja uchaguzi.

Mwenyewe unayajua, lakini naandika ili mkono wangu uyapitie. Kombo akajiunga na chama cha upande wa pili, akasimama jukwaani, akasema aliyoyasema. Kutoka siku ile hakuna aliyenunua kwenu hata limau. Mama yako, Bi Time, akitoa salamu njiani, watu wanatazama mbali. Mtu akionekana kuzungumza nao, naye anatiwa humo humo. Mume wangu ana duka, na wateja wake wote ni wa upande wetu. Akaniambia neno moja tu, bila ya hasira, ndiyo maana liliniingia: "Usitufungie duka, Mama Hamad."

Kikundi kikaitwa baada ya Alasiri. Mwenyekiti wetu, Bi Shufaa, akasema kompyuta ya watu wa chama kile haiwezi kukaa chumba kimoja na cherehani zetu. Kisha akaonesha mchoro wako ukutani, ile karatasi tuliyoitoa steshenari. "Na hizi rangi alizotutilia, ni rangi za nani?"

Ukamjibu, "Bi Shufaa, basi iambie karafuu ibadili rangi."

Siku nyengine tungelicheka mpaka kukohoa. Hakucheka mtu.

Akasema wanaotaka Mize aondoke wanyanyue mikono. Sikuwa wa kwanza, nilikuwa wa saba. Nimelirejea hilo mara nyingi peke yangu, kana kwamba wa saba ana dhambi ndogo kuliko wa kwanza. Weye hukunitazama usoni. Ulikitazama kiganja changu, kilikuwa bado kina chaki ya kukatia. Ukachukua mkasi wako, ukakunja waya wa kompyuta taratibu, ukauzungusha vizuri kama unayerudisha kitu cha watu, ukasema, "Haya, kwaherini," ukatoka. Kumi na moja tuliobaki tukaanza kuzungumzia bei ya uzi.

Basi ikawa hivyo. Weye una mchoro, huna cherehani. Sisi tuna cherehani, hatuna wa kuchora. Na mimi na weye, kila mmoja akiona dirisha la mwenziwe kila asubuhi.

Nilisikia unaumwa. Watu walisema figo, wengine wakasema presha, na wako waliosema maneno nisiyotaka kuyaandika. Ukaniletea ujumbe kwenye simu: "Riziki, njoo nikuoneshe nilipofika." Basi. Hukulalamika, hukuuliza kwa nini. Niliusoma mara tatu, nikailaza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea kuchambua mchele. Nikasema nitakwenda Ijumaa. Ijumaa wakawapo mawifi. Nikasema Jumapili. Siku ya tisa tangu ujumbe ule, kifo chako kikatangazwa msikitini.

Mume wangu akasema inna lillahi, akaomba aongezwe mchuzi. Nikamwongeza. Nakwambia haya ili ujue ulikufa nikiwa na upawa mkononi, na huo upawa haukuanguka.

Na weye pia, Mize, sikufichi. Nimekukasirikia. Ungeliniandikia kwamba ni kwaheri ningelikuja. Ungelinitukana ningelikuja. Uliniandikia kama mtu mwenye miaka mingi mbele yake. Kisha najisikia nikikulaumu, nanyamaza. Aliyeumwa ni weye, na kuja ilikuwa juu yangu.

Baada ya arubaini yako, Idi kubwa inakaribia, Bi Shufaa akaja kwangu. Yatakuwapo maonesho ya kazi za akina mama ukumbini, Chake, mgeni wa heshima anakuja. "Si unao ule mchoro wa karafuu?" Mchoro ule ule, rangi zile zile. Sasa zilikuwa hazina chama.

Nikampa. Usiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka kuushona. Nilitaka mikono yangu ikae na kitu chako. Nilikata vile vipande vyote mwenyewe, nikaviunga kichanga kwa kichanga, nikaweka pamba, nikatia bitana, nikadarizi kwa mkono kandokando ya kila kikonyo ili vitune. Mwenzangu, kilikuwa kizuri. Sijashona kitu kama kile. Zile ncha mbili nilizikosa, basi nikazimaliza kwa kitambaa cheupe kitupu, nikapiga pindo.

Siku ya maonesho kikalazwa juu ya meza ya mbele, birika na visheti juu yake. Mgeni akapita, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, akainama, akakigusa. "Mashaallah. Nani kakibuni hiki?"

Bi Shufaa akasema, "Sote, Mheshimiwa. Kwa ushirikiano wetu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sare ya kikundi. Nikasikia sauti, ikawa yangu. Nikasema, "Kakibuni Mize binti Faki, wa Tibirinzi. Keshakufa. Tulimfukuza kikundini kabla hajafa, na sisi wengine hatukwenda hata kumsomea."

Ukumbi haukutikisika, Mize. Nilidhani ukweli ukisemwa mbele ya watu kuna kitu kitapasuka. Mgeni akasema Mwenyezi Mungu amrehemu, akatazama saa, akaenda meza ya mikeka ya ukili. Mpiga picha akamfuata.

Bi Shufaa akanigeukia, polepole, bila ya kupaza sauti. "Leo ndiyo unamjua? Siku ile mkono wako ulikuwa wapi?"

Nilijiandaa kwa matusi, kwa hilo sikujiandaa. Lilikuwa ni kweli, na limetoka kwenye kinywa kisicho na haki ya kulisema. Nikaondoa birika, nikaondoa visheti, nikakikunja kitambaa mbele yao wote, nikatoka nacho. Hakunizuia mtu. Jioni ile ile wakaniletea mkasi wangu na kiti changu hadi mlangoni. Mume wangu hasemi nami ila la lazima. Duka halijafungwa, lakini wapo wateja waliohama. Kwa hiyo sasa najua, kidogo tu, kama ncha ya sindano, mlivyokuwa mkiishi.

Idi pili nikakichukua, nikaenda kwenu. Watoto walikuwa wamejaa njiani na nguo zao mpya wakielekea uwanja wa sikukuu, puto na vipyenga, na mie nawapita na furushi kifuani kama mwizi. Nikapiga hodi.

Bi Time alifungua. Amekonda. Alisema "Karibu, mwanangu," kwa sababu ni Bi Time, na hata adui akipiga hodi atamwambia karibu. Akanipa kahawa. Nikatoa kitambaa, nikakitandaza mapajani mwake. Nikasema tu, "Cha Mize."

 Akapitisha kidole kwenye vishada, kimoja kimoja. Akakigeuza kuona bitana, kama weye ulivyokuwa ukifanya, nikajua ulipoyatoa yale. Alipofika kwenye ncha nyeupe akasimama.

"Hapa mbona patupu?"

"Hakuwahi kupamaliza, Bi Time."

"Alipamaliza. Alikaa nazo ncha hizi Ramadhani nzima, kitandani, kompyuta kaiegemeza kwenye mto. Aliponionesha, mie sikufahamu kitu. Akasema, 'Mama, atafahamu Riziki.'"

Nikauliza kompyuta iko wapi. Nikauliza kwa pupa, Mungu anisamehe, kama niliyekwenda kwa ajili ya hiyo. Akanambia Kombo ameondoka nayo kwenda Unguja, imefutwa, kuna mtu anaandikia barua za ofisi. Ndiyo habari yake. Sitajua ulichora nini. Nimejaribu kuota, nimejaribu kupanga karatasi sakafuni. Ninapopanga hutoka vitu vyangu, si vyako.

Nikamwomba Bi Time akipokee, akiweke mezani, ndiyo Idi. Akakikunja mara mbili, kisha mara ya tatu, vizuri, kingo juu ya kingo, akanirejeshea mikononi.

"Kizuri," akasema. "Umeshona kazi. Lakini wakati ule, Riziki, ungelikuja mikono mitupu, ngekupokea."

Hakulia. Mie ndiye niliyelia, na hata hilo niliona nimemnyang'anya. Akanisindikiza hadi mlangoni, akanambia nimsalimie mume wangu. Tena alikusudia, hakuwa na kejeli. Hapo ndipo nilipotamani angelinipiga.

Mize, sikuombi radhi. Radhi huombwa mtu akiwapo, aweze kukataa. Kitambaa nimekiweka kabatini, na hakitapanda meza yoyote, wala yangu. Nimeandika jina lako kwa uzi nyuma, kwenye bitana, siyo kwa ajili ya watu. Mola wangu na wako anajua nani alichora na nani alinyamaza. Nakuombea nafasi huko uliko, na mwanga, na watu wa kukujibu salamu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda tena kwa mama yako. Sikubeba kitu, nilibisha mikono mitupu. Nilisikia kandambili zake zikija hadi nyuma ya mlango, zikasimama, zikarudi. Nikangoja kidogo, nikasema "Bi Time, ni Riziki, nimekuja kukujulia hali," nikaenda zangu. Jirani mmoja wa upande wetu aliniona, akatema mate.

Nakuahidi hili, na sina jengine la kukupa: nitakwenda na Ijumaa hii, na inayofuata, mchana, njia ikiwa na watu, afungue asifungue.

Chungu kinaungua. Kwaheri, shoga yangu.

Mimi niliyekuwa mwenzako,
Riziki