Kaburi Lililo Juu ya Mpaka

Jumatatu, 9 Machi 2015

Evas,

Leo tumepanda miche ya mpaka. Kaunsili ya mji imekubali: kuanzia ile njia ya miguu kwenda juu, hakuna saruji wala mabati. Tangu mafuriko ya Bulembia watu wanaogopa kuchimba miteremko. Na Benon, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, alitaka hoteli ya ghorofa pale kileleni — Bwera yote ingeamka na kuona ukuta badala ya mlima! Kamati yake ikanipa mimi kazi ya miche. Nimeipanda kando ya njia, hatua tano tano, kama baba alivyonionyesha. Mche wa mpaka hauchezewi huku kwetu.

Nimepika chai ya watu wawili tena. Nimeinywa yote.

Ijumaa, 13 Machi

Mawingu yaliondoka asubuhi, mlima ukafunguka. Theluji yote! Robo saa hivi. Nikageuka kumwita mtu.

Jumapili, 15 Machi

Dada yako Kabugho alikuja baada ya ibada. Jumamosi unatimiza mwaka kaburini, ndugu zenu wanaleta saruji na vigae walijengee. Ndipo nikashtuka. Uko upande wa juu wa njia! Siku ile nilipita na panga na miche, nikakusalimia hata, na sikufikiri. Kwangu wewe si jengo.

Nikamweleza. Akanitazama sana.

"Muramu, shemeji yangu, mbwa wa Benon analala kwa simenti. Dada yangu alale kwa nyasi?"

Hakumaliza chai.

Jumatano, 18 Machi

Soko la Mpondwe. Benon akanishika bega, anacheka. "Mzee Nobert, jenga tu! Nani atamkataza marehemu? Vigae nakupa bure." Halafu, taratibu: ukijenga wewe, na mimi najenga. Nikakataa vigae. Nikarudi bila chumvi niliyoiendea.

Mwenyekiti wa kamati naye anasema sheria haikutaja makaburi, nitakavyofanya mimi ndivyo watakavyofanya wote. Amenitupia mzigo.

Alhamisi

Mvua. Hakuna aliyekuja.

Jumamosi, 21 Machi

Wamefika. Pikapu imeshindwa na mlima, mifuko ya saruji inapandishwa kichwani. Fundi ni Célestin, wa Butembo, ng'ambo Kongo. Amefika kwenye miche, amesimama, mfuko bado kichwani.

"Mzee, mupaka ya mutu mimi siruki. Useme wewe."

Kabugho anamfokea: ruka, wewe! Umelipwa kuruka! Célestin hasogei. Chini barabarani Benon ameegemea pikipiki yake, simu juu, anapiga picha.

Mimi nimekaa hapa kando yako, naandikia gotini. Wote wananitazama. Wanadhani naandika hotuba.

Ulikuwa unapenda kukaa papa hapa ukichambua kahawa. Mara moja nilikuja kukusaidia, nikasimama mbele yako. Ukanipiga na ungo: "Sogea, Nobert, unanizibia mlima!" Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Kabugho ameanza kulia. Si kelele tena, analia kweli. Ananiuliza kama nilikupenda.

Nikisema wapite, kesho Benon anaanza kuchimba. Nikisema warudi, ndugu zako hawatapanda tena kuja kwangu, na nani mwingine anakuja?

Célestin ameushusha mfuko, upande wa chini wa miche. Nasimama sasa. Magoti yanauma.

Wao wataniita jina lolote leo. Wewe, Evas, unikumbuke: sikukuzibia mlima.