Figo Mbili za Mwanangu

3 Februari

Mwanangu,

Salamu kwanza, mambo mazito baadaye, ndivyo tulivyozoeana. Mimi nipo. Miguu imevimba kidogo, hamu ya chakula inakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na ile mashine ya kusafisha damu bado inanila siku zangu. Wewe u hali gani? Mjukuu wangu amepona kikohozi?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu sikio langu, unalijua, lilistaafu nyuma yangu lakini kwa bidii zaidi.

Majibu ya vipimo tulivyofanya ulipokuja yametoka. Kundi la damu halina shida, sote ni O. Shida ni kipimo cha mwisho, kile cha kuchanganya damu yangu na chembe zako kwenye kichupa. Damu yangu imezishambulia. Nilipokubeba tumboni, mwili uliona nusu yako ni ya baba yako, ukakuhesabu mgeni, ukatengeneza kingamwili. Hizo ni kama askari, na askari hawa hawasahau sura. Nikiwekewa figo yako wataiua kabla sijashonwa.

Hakuna wa kulaumiwa, ni maumbile. Rudi kwenye majokofu yako, mlee mwanao, na usinihangaikie.

Mama yako


18 Februari

Mama, shikamoo.

Huku wazima. Kikohozi kimeisha, kimebaki kidomo. Mjukuu wako anauliza kama hao askari wako wana bunduki.

Barua yako niliisoma juu ya paa la bucha, nilikuwa nafunga kompresa ya jokofu lao. Sitakuficha. Nilipofika kwenye askari nilicheka, halafu sikucheka tena. Kumbe tangu tumboni. Mimi nilidhani ulianza kunikataa siku nilipoacha shule nikashika spana, kumbe mwili wako ulianza mapema. Usiniambie ni maumbile. Najua ni maumbile. Inauma vilevile.

Nilimwonyesha Fundi Cheche, yule mchomeleaji tunayegawana naye karakana. Akaisoma, akavua miwani yake ya kazi, akaniita kwa jina langu la kazini, "Barafu, huyu mama yako ameandika ugonjwa wa mke wangu." Mkewe, Mama Pacha, naye figo zimekufa. Cheche alijitolea kumpa yake, wakakuta damu ya mke inamshambulia, kwa sababu alimzalia wale pacha. Daktari wao alimweleza kama ulivyonieleza wewe, mpaka hao askari. Basi nikaamini.

Usikate tamaa. Kuna jambo nalifuatilia.

Mwanao


9 Machi

Mama, shikamoo. Hujajibu. Najua mkono unachoka, lakini hata mstari mmoja ningeridhika.

Jambo limepatikana. Hospitali ya huku wanafanya kubadilishana. Wamechanganya damu yangu na ya Mama Pacha, imetulia, figo yangu inamfaa. Cheche naye ni O, kwa hiyo yake inaweza kukufaa wewe. Mimi nampa mke wake, yeye anampa mama yangu, siku moja, vyumba viwili. Cheche anasema, "Hapo hakuna wa kumpigia mwenzake magoti, tumemalizana."

Kinachotakiwa ni barua ya daktari wako kuthibitisha kwamba mimi na wewe hatupatani, pamoja na sahihi yako. Basi. Wewe utaletwa huku, nimeshamwomba mwenye gari.

Mama Pacha hali yake si nzuri. Mishipa wanayounganishia mashine inaziba mmoja baada ya mwingine, wamebaki kutafuta pa kutoboa. Wametupangia mwisho wa Aprili. Tafadhali, Mama. Tia sahihi tu.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Natumaini umeketi. Kama uko juu ya paa, shuka kwanza.

Daktari wangu hawezi kuandika hiyo barua, kwa sababu itakuwa ya uongo. Damu yangu haikushambulia chochote chako. Kile kichupa kilitulia kama maji ya mtungini. Daktari alisema ningetafuta mwaka mzima nisipate mtu wa kunifaa kama wewe. Hakuna askari. Niliwaumba mimi, mezani, kwa kalamu.

Alipotaka kukupigia simu nilimzuia. Nikasema, "Mimi ndiye mama, nitamwambia mwenyewe." Akanijibu, "Mwalimu, kukataa figo ni haki yako. Kumdanganya mwanao, mimi simo." Akanitazama kama mwanafunzi aliyemfuma mwalimu wake akinakili. Nikarudi nyumbani nikaandika. Sikio halikuwa sababu. Kwenye simu ungeijua sauti yangu mara moja. Karatasi haina sauti.

Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote ya kazi, na uongo wangu ulikuwa na kasoro moja: ulikuwa somo zuri. Kila nilichoandika hutokea kweli kwa wanawake wengine, ila hakikutokea kwangu. Ningejuaje kwamba mmoja wao mumewe anachomelea mageti pembeni yako? Nilitaka ubaki na figo zako mbili. Badala yake nimekushika mkono nikakufikisha mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Sababu ninazo mbili. Ya kwanza inapendeza kuisema. Mimi ni mzee, moyo wangu umechoka, figo yako ingeninunulia labda miaka mitatu. Wewe una mtoto mdogo, na kazi yako ni kupanda mapaa na kubeba majokofu mgongoni. Ya pili haipendezi. Ulipoacha shule nilikuambia mbele za watu kwamba utaishia kutumwa soda na wenzako waliosoma. Friji inayotunza dawa zangu leo ni wewe uliyeifufua. Kila ninapoifungua naona haya. Sasa nikuombe na kipande cha mwili wako? Niliona afadhali nife bila deni kwako. Kile kilikuwa kiburi, nikakiandikia jina la upendo.

Lakini sikufikiria kwamba ungesoma ulivyosoma. "Kumbe tangu tumboni." Nimeyarudia maneno hayo mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mwanangu, mwili wangu haukukukataa. Mdomo wangu ndio uliokukataa siku ile, na mkono wangu ukakukataa Februari. Mwili haumo.

Cheche na mkewe sijui utawaambia nini. Nimewaharibia watu ambao hata sura zao sizijui.

Mwandiko unayumba, nisamehe. Damu ilipungua sana mwezi huu, wakaniongezea pakiti moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Nikipata nguvu nitaandika tena. Ukipenda.

Mama yako


27 Machi

Mama,

Leo sikuamkii.

Nani alikupa ruhusa ya kunigawia figo zangu? Uliniamulia shule, uliniamulia kazi, nikakimbia, na bado umenifuata mpaka ndani ya mbavu. Nimeongea na ukuta wa karakana, na wenyewe umechoka.

Cheche nimemwambia. Aliwasha mashine yake akachomelea geti ambalo alishalimaliza jana.

Sasa sikiliza. Kama tunapatana, figo inakuja kwako moja kwa moja. Hakuna kubadilishana. Nimempigia daktari wako, anasema kwa kuwa umeongezewa damu lazima wachanganye upya. Damu yangu wameitoa leo asubuhi, nimeipakia kwenye kisanduku cha baridi nilichokitengeneza mwenyewe, na kondakta wa basi ameapa hatakifungua hata akiambiwa kuna samaki. Maabara wakiipokea wapime hapohapo.

Wewe usiguse majibu. Usiyaeleze. Usiyapambe.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Wewe huniamkii, mimi nakusalimu. Msalimu na mjukuu.

Daktari anasema ulimkatia simu. Nakuelewa. Amekupa maneno yaleyale niliyokudanganya nayo, na mtu aliyeumwa na nyoka shimoni haamini akiambiwa kilichomo sasa ni kamba. Ndiyo maana naambatanisha karatasi mbili za maabara zenye mihuri, ya Januari na ya juzi. Zilaze pamoja uzitazame. Kama bado una shaka, mpigie tena, usipitie kwangu.

Damu yangu sasa inashambulia chembe zako. Safari hii ni kweli.

Ni zile pakiti. Kundi lilikuwa sahihi, O kwa O, lakini kundi ni mlango wa mbele tu; kuna vyumba vingi ndani. Kila pakiti iliingia na chembe za mtu nisiyemjua, na mwili wangu ukajifunza kuwakataa mmoja mmoja. Kati yao lazima kuna aliyefanana nawe. Januari ningekupokea. Aprili siwezi. Muda niliouchezea kwa uongo ndio uliougeuza uongo ukawa kweli. Nimesahihisha mitihani mingi, sijawahi kuona jibu baya likirudi kwa mwenyewe limenyooka hivi.

Utasema, basi, kama hatupatani kweli, tubadilishane na Cheche. Daktari alilifikiria kabla yako. Akapima moyo, akaukuta umechoka kuliko Januari. Hawezi kunilaza mezani kwa figo ya Cheche wala ya malaika. Dawa ya usingizi peke yake ingenimaliza. Hilo nalo muulize yeye.

Kwa hiyo mimi nimetoka kwenye mpango. Amebaki Mama Pacha. Nilishika kalamu mara kadhaa kukuandikia "usithubutu", na mara nyingine kukuandikia "mpe". Yote mawili nimeyafuta. Sikuamulii. Figo ni zako.

Mama yako


29 Mei

Mama, shikamoo. Hii ni ya leo, ya Aprili na ya Machi.

Naandika nimelalia ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto umeshonwa. Ndiyo. Nimempa.

Kwanza nilimpigia daktari wako, nikaomba radhi, akanieleza yote taratibu, Januari na Aprili. Nakuamini. Niliziweka zile karatasi mbili kitandani nikazitazama kama ulivyosema. Ile ya pili nimeichana. Ya Januari ninayo.

Cheche hakuniomba. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila asubuhi alikuwa ananimiminia chai kama kawaida, anauliza, "Mama anaendeleaje?" Wala hakutaja figo. Siku moja Mama Pacha alikuja karakana kumletea mumewe funguo, akakaa kwenye ndoo kupumzika, akashindwa kusimama. Tukamwinua wawili. Alikuwa mwepesi, Mama, mwepesi kama friji iliyotolewa matumbo. Siku hiyohiyo nikaenda hospitali.

Kamati yao iliniuliza kama nimelipwa, kama nimelazimishwa, kama nimelewa. Nikawaambia, "Mama yangu amekataa kuniamulia, kwa mara ya kwanza tangu anizae, nimekosa wa kubishana naye." Mwenyekiti alicheka mpaka akasahau swali.

Jana Mama Pacha alikojoa. Hujawahi kuona watu wakishangilia mkojo. Cheche aliubeba mfuko ule kama kombe la mpira, muuguzi akamfokea, "Weka chini hiyo, we mzee!" Pacha wao wamekuja kuniuliza kama mama yao sasa atajua kutengeneza friji.

Nimekatazwa kusafiri mpaka kidonda kikauke. Kikikauka tu, nakuja. Nisubiri, Mama. Safari hii ni mimi ninayekuamulia.

Mwanao


7 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Zote tatu nimezipokea.

Anayeandika ni muuguzi, mimi nasema tu. Nimekutukana kidogo hapa mwanzoni kwa kujipeleka kwenye kisu, lakini amekataa kuliandika tusi lenyewe. Ana heshima nyingi, sijui alisoma shule gani.

Mashine ya kusafisha damu nimewaambia basi, sitarudi kwayo. Daktari amekaa nami kitandani tukakubaliana bila kudanganyana. Siumwi. Nasinzia sana, na nikiamka naagiza nisomewe pale Cheche alipobeba mfuko.

Umeniamulia nikusubiri. Hili sitaliweza, na usione ni ukaidi. Usikimbilie basi na kidonda kibichi, litakurusha kwenye matuta na hutanikuta. Kaa ukauke. Mjukuu wangu mwambie askari walikuwepo, ila walichelewa sana kuzaliwa na walikuwa wajinga.

Nilikuzaa na figo mbili, nikataka ubaki nazo mbili, na kwa hilo nikafanya niliyoyafanya. Leo nimehesabu upya. Moja iko kwako, nyingine iko kwa mama wa pacha. Zote mbili nilizitengeneza mimi, gizani, bila kitabu, na zote mbili zinafanya kazi.

Mwambie anywe maji ya kutosha. Na wewe pia.

Mama yako