Mguu Uliopona Mdomoni

Jumatatu, 28 Februari 1994

Kanzu tatu za kanisa leo. Zimebaki nyingi, na Pasaka haingoji mtu. Hiki kitambaa cheupe kinachafuka hata ukikitazama tu. Nimefukuza kuku wa jirani kwenye baraza la duka ninaposhonea mpaka sauti imekauka. Msalaba mwekundu wa kifuani nashona mwisho, baada ya kunawa.

Hezron alijikata na jembe wiki jana akilima upande wa mtoni. Mguuni, kati ya kidole gumba na cha pili. Anasema si kitu. Kwa mume wa mtu mwingine labda si kitu. Huyu wangu ana sukari. Dereva wa trekta ya miwa kuugua sukari, wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka nao. Vidonge anameza akikumbuka.

Nimemwambia aende hospitali kidonda kioshwe. Amesema kesho. Kesho ya Hezron naijua.

Jumapili, 6 Machi

Kanisani peke yangu, kama kawaida. Naacha viatu mlangoni, naingia na kanzu yangu, ngoma zinalia, na upande wa wanaume hakuna wangu. Yeye yuko nyumbani na redio yake. Si mtu mbaya. Hanywi, hapigi mtu. Ila Mungu kwake ni kama mjomba wa mbali: anamheshimu, hamtembelei.

Mama Rasoa, shemasi wa wanawake, leo tena: "Na Baba Beti anakujanga lini?" Anajua panaponiuma. Beti, binti yetu, ameolewa Chekalini na mume wake anaimba kwaya. Hilo nalo Rasoa halisahau kulitaja.

Jioni Mchungaji Shadraki alikuja na wazee kuombea mguu. Hezron alizima redio. Kwa heshima tu, niliona. Wakaweka mikono, wakaomba sana, wakala, wakaenda.

Jumanne, 8 Machi

Kidonda kimekauka. Nilikiangalia mlangoni penye mwanga. Kimekauka juu kabisa! Nimeimba nikishona hadi mwenye duka akauliza kama nimeokota kitu.

Jumapili, 13 Machi

Kwetu kuna kushuhudia kwa imani. Unasimama unamshukuru Mungu kwa kitu ambacho bado hujakiona, kana kwamba tayari unacho. Watu wameshukuru hivyo kwa kazi, kwa mimba, kwa mvua. Kikija, utukufu kwa Bwana. Kisipokuja, watu hunyamaza na maisha yanaendelea. Sijawahi kumwona mtu akisimama kurudisha ushuhuda.

Hezron alikuja leo. Nilimbembeleza wiki nzima. Alikaa na fimbo yake kwenye benchi la mlangoni, lile la wageni na la wale waliowekwa chini ya adhabu. Nilipoona kichwa chake pale, sijui kama ni Roho aliyeniinua au ni furaha tu. Nikasimama. Nikasema Mungu amemponya mume wangu mguu. Sikusema anamponya. Nilisema amemponya.

Ngoma zililipuka. Hezron akainuka, akaiacha fimbo, akatembea hadi mbele na kupiga magoti. Ameokoka! Wamemkalisha benchi la kwanza pamoja na wazee. Nimelia mpaka kilemba kimelowa. Mama Rasoa alinikumbatia na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuuliza.

Jumatatu, 14 Machi

Hezron ametupa vidonge vyake chooni. Hakuniuliza. Alirudi ananawa mikono, uso unang'aa. "Mtu amepona, dawa anamezea nini?"

Nikamwekea chai. Nilipaswa kujibu.

Alhamisi, 17 Machi

Watu wanakuja kuuona mguu. Leo wengine wametoka Malava kwa baiskeli. Nachemsha chai, Mama Rasoa anagawa vikombe, Hezron anasimulia, mguu uko ndani ya soksi. Hakuna anayeomba soksi ivuliwe. Waafrika ni watu wa adabu, Mungu awabariki.

Walipoondoka nikaivua. Harufu. Kule kukauka kulikuwa kwa juu tu, chini yake ni usaha. Nimeosha kwa maji ya chumvi, nimefunga kwa vipande vilivyobaki kwenye kanzu za Pasaka. Hezron alitazama pembeni akiimba. Amesema ni shetani anajaribu kurudi. Amesema, "Si ni wewe ulisema nimepona?"

Ni mimi.

Jumanne, 22 Machi

Mvua imeshika. Watu wote wanapanda mahindi, shamba letu limekaa tu. Kidole gumba kimekuwa cheusi. Nimekitazama nikiomba kiwe ni kivuli.

Nimemwambia twende hospitali. Amenikasirikia, mara ya kwanza tangu aokoke. Kakamega ni ndogo, amesema, watamwona akiingia pale getini na kufika jioni kanisa lote litajua. "Watasema Mama Beti alidanganya. Mimi siwezi kukufanya mwongo."

Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua. Miaka yote nimemwombea huyu mwanamume aamini. Sasa anaamini kuliko mimi. Na anachoamini ni mdomo wangu.

Alhamisi, 24 Machi

Nimeenda kwa Mchungaji. Nilimkuta anasoma, miwani puani. Nikamweleza yote, hata kile kidole cheusi. Nikamwomba aje amwambie Hezron aende hospitali, yeye atamsikia.

Alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Akasema ushuhuda ukishatoka si wako tena, ni wa kanisa. Kuna waliookoka kwa sababu ya mguu ule. Tukiurudisha, hao tutawaambia nini? "Dada Dorika, imani haitazami kidonda."

Nilitaka kumwuliza mbona macho yake ameyakabidhi kwa miwani. Sikumwuliza. Nimeiuliza miti yote ya barabarani nikirudi.

Lakini nilipoondoka alikuwa bado anaifuta ile miwani. Naye anaogopa. Hilo halikunifariji hata kidogo.

Jumapili, 27 Machi

Tulikuwa na wageni, kanisa zima kutoka ng'ambo ya msitu, na bendera zao na ngoma zao. Mchungaji akaniita nitoe ushuhuda tena. Ningeweza kusema koo linaniuma. Nikasema tena. Kwa sauti kubwa zaidi ya mara ya kwanza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Hezron alicheza ngoma kwa mguu ule. Niliuona uso wake ukikunjamana, kisha ukacheka. Walimshangilia.

Najichukia leo. Sina neno lingine.

Jumatano, 30 Machi

Homa. Anatetemeka chini ya blanketi mbili. Hali obusuma, ugali wa kwetu, hali uji, anataka maji tu.

Beti amefika kutoka Chekalini. Alifungua kile kitambaa cheupe, akaketi sakafuni. "Mama, baba anakufa na nyinyi mnaimba." Akataka tumbebe kwa nguvu. Hezron akashika kitanda kwa mikono miwili na kuita jina la Yesu kama mtu anayeibiwa. Tukamwacha. Beti hanisemeshi. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kimeshafika kizingitini.

Nimewaza mchana kutwa nikishona. Imani ni nini? Kama ni kukataa ninachokiona, basi mlevi naye ana imani. Wale wote waliomlilia Yesu njiani walimwonyesha ugonjwa wao. Sikumbuki hata mmoja aliyeuficha ndani ya soksi.

Na nimejiuliza lile ninaloliogopa. Siku ile nilisimama kwa sababu nilimwamini Mungu, au kwa sababu nilitaka watu wamwone mume wangu benchi la mbele? Jibu ninalo. Silipendi.

Ijumaa, 1 Aprili

Kanzu zote zimekwisha. Zimepigwa pasi, zimechukuliwa. Sijaomba. Niombe nini na nitakachofanya nakijua?

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka.

Hezron alikataa kubaki nyumbani. Waliingia naye wanaume wawili wamemshika kwapani, wakamweka mahali pake mbele. Jasho linamtoka kama anapalilia. Kanisa lote jeupe, kazi ya mikono yangu.

Sikungoja kuitwa. Nilisimama nikasema mguu wa mume wangu haujapona. Nikasema nilisema umepona kabla ya kuuona, na nikasema tena nikijua unaoza. Nikamgeukia. "Baba Beti, mwongo tayari ni mimi. Hakuna kitu cha kulinda tena. Twende hospitali."

Mchungaji alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Hezron alinitazama. Nilidhani atanikana mbele ya wote. Kisha akainama, polepole, akaivua soksi mwenyewe. Harufu ikajaa. Akina mama wakaziba pua kwa mikono ya kanzu mpya.

Wapiga ngoma ndio waliomwinua, yeye na benchi lake, hadi barabarani. Mwenye duka akatoa gari. Mchungaji alitufuata mbio kwenye tope, pekupeku, ameshika viatu vya Hezron alivyoviacha mlangoni.

Jumanne, 5 Aprili

Wamekata. Chini ya goti. Daktari amesema angechelewa kidogo tungekuwa tunachimba kaburi. Alisema bila kunitazama.

Hezron aliamka alasiri. Alishika blanketi pale ambapo pamelala bapa. Akageukia ukuta. Nilikaa hadi tulipofukuzwa.

Jumapili, 10 Aprili

Wazee wamekaa kikao. Wamesema nimeaibisha jina la Bwana mbele ya watu. Benchi la mlangoni, bila msalaba, mpaka watakaposema. Sikubishana. Nilisema uongo, huo ni ukweli. Ila nimewauliza kama ni kwa uongo wa Machi wananiadhibu au ni kwa ukweli wa Pasaka. Wamesema nisilete maneno.

Nimeufumua msalaba wa kanzu yangu kwa wembe. Umeacha alama ya matundu.

Mama Rasoa alikuja na kuku. Sikutaka kumwona. Aliosha vyombo vyangu vyote, masufuria hata ya jana. Alipofika mlangoni ndipo akasema, "Mimi nilinusa tangu ile siku ya chai. Nikanyamaza." Akaenda zake. Nimekaa na huyo kuku mapajani kama mjinga.

Alhamisi, 21 Aprili

Hezron yuko nyumbani. Dawa anameza, mimi ndiye ninayempa na ninangoja hadi koo lisogee. Redio imewashwa asubuhi hadi jioni. Kitabu cha nyimbo alichonunua kiko juu ya kabati.

Leo amesema. Nilikuwa nabadilisha bendeji. "Mimi niliingia kwa Mungu kwa mguu. Sasa mguu haiko." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kila jibu nililolifikiria lilikuwa la kanisani. Nimefunga bendeji, nimeenda kupanda mahindi yaliyochelewa, nimelia kwenye mistari.

Akirudi nyuma ni juu yangu. Sitasingizia mtu.

Jumanne, 3 Mei

Mahindi yameota, mafupi kuliko ya jirani. Nashona sare za shule sasa. Kanzu hawaniletei.

Naomba bado. Nashangaa mwenyewe. Siombi kitu. Namwambia Mungu nyumba ilivyo: Hezron ameanguka na magongo karibu na jiko, Beti amenisalimu kwa shingo upande, mimi nina hofu. Basi. Sijui kama hiyo ni imani. Zamani nilijua kila kitu.

Jumamosi, 14 Mei

Nimemkuta Hezron barazani na kopo la rangi ya viatu. Alikuwa anang'arisha kiatu kimoja. Kile kingine amekiweka chini ya kitanda. Hakusema anakwenda wapi. Nimepita na ndoo yangu kama sijaona.

Jumapili, 15 Mei

Nilitangulia, kwa sababu sikutaka aone kwamba namngoja. Mvua ndogo. Nikaacha viatu, nikakaa benchi langu la mlangoni karibu na ndoo inayokinga maji ya paa.

Walikuwa kwenye wimbo wa pili nilipoyasikia magongo kwenye kokoto. Alisimama mlangoni, akaegemea ukuta, akavua kile kiatu kimoja, akakiweka kando ya vyangu. Mzee mmoja akainuka kule mbele na kumpungia mkono aje, nafasi yake ipo, hakuna aliyeikalia. Mchungaji naye akaitikia kwa kichwa.

Hezron aliwainulia mkono kuwashukuru.

"Sogea, Mama Beti," akasema.

Nikasogea. Akakaa, akalaza magongo chini ya benchi. Hakuwa na kitabu, tukatumia changu.